Mama Samwel Asiambiwe

Simu ilimkuta Tusekile ameinama shambani, mikono imejaa udongo hadi viwikoni. Aliona jina la mkuu wa shule ya mwanawe, akajifuta kiganja kwenye kanga, akapokea.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Mama Samwel. Sasa mama, Ijumaa tunakuhitaji hapa shuleni. Saa nne asubuhi uwe umeshafika."

"Kuna nini mwalimu?"

Nyuma ya Mwalimu Didas zilisikika sauti za watu wakiburuta viti.

"Siwezi kukueleza kwenye simu, mama. Wewe njoo tu. Na usije peke yako. Njoo na ndugu."

"Samwel yupo?"

"Samwel..." Mwalimu akakohoa. "Yupo, mama. Yupo. Wewe njoo."

"Naomba nimsikie sauti tu."

"Kwa sasa haitawezekana. Ila usiwe na wasiwasi. Mungu ni mwema."

Simu ikakatika. Tusekile alibaki ameishikilia sikioni kama vile kuna neno lililobaki njiani.

Tuseme ukweli. Katika nchi hii hakuna mtu anayepigiwa simu akaambiwa mwanao amekufa. Huo ni ukatili, na sisi si wakatili. Tunamwambia njoo. Tunamwambia anaumwa kidogo, au ameteleza ameumia mguu, wewe njoo tu na ndugu. Kisha tunamwekea watu wa kumshika pande zote mbili, ndipo tunamwambia. Mumewe Tusekile alipogongwa na lori kule Tunduma, yeye aliambiwa kwamba mzee amevunjika mguu. Alisafiri na sufuria ya supu mapajani, ya kumpa mgonjwa nguvu, akafika akakuta watu wamekaa chini. Kwa hiyo alikuwa mtu mwenye uzoefu. Aliyasikia maneno ya Mwalimu Didas moja baada ya jingine, na kila moja alilijua.

"Nani huyo?" aliuliza Blandina, jirani yake, waliyekuwa wanachimba naye viazi siku hiyo.

"Mwalimu wa Samwel. Anasema Ijumaa niende. Niende na ndugu."

Blandina aliweka jembe chini polepole. Aliinama akaanza kuokota viazi haraka haraka, akiviweka kwenye gunia, macho yake hayakuinuka tena.

Samwel alikuwa mtoto wake wa pekee. Alikuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni ya serikali, nje kidogo ya Igowole, mwendo wa nusu siku kutoka kwao huku milimani juu ya Uyole. Simu hawaruhusiwi. Mara ya mwisho kumwona ilikuwa Januari mwaka uliopita, alipompeleka na godoro lake na debe la mahindi linalodaiwa na shule kwa kila mzazi, na juu yake gunia la viazi ambalo hakuna aliyelidai. Tangu hapo likizo zote mtoto alibakizwa shuleni kambini, kusomea mtihani wa kidato cha pili, na baada ya mtihani kuanza masomo ya kidato cha tatu. Ilikuwa sasa mwezi Machi. Miezi kumi na minne.

Angeweza kupiga simu tena. Utashangaa kwa nini hakupiga, na mimi nilishangaa, mpaka nilipofikiri vizuri. Akiuliza ataambiwa, na akiambiwa ndiyo itakuwa imekuwa. Asipouliza, bado kuna Ijumaa.

Alhamisi asubuhi aliamka akakuta shamba lake limejaa watu. Wanawake wa kijiji kizima walikuwa wameingia na majembe, wanachimba viazi vyake bila kuulizwa na bila kuimba. Kazi ambayo ingemchukua wiki mbili iliisha kabla ya saa sita mchana. Wengine walileta kuni wakazipanga nyuma ya nyumba. Wengine walikuja "kumsalimia tu", wakakaa ukutani kimya, vitenge vimefungwa kiunoni. Hakuna aliyelia. Kwetu kilio hakianzi mpaka mwenye msiba awe ameambiwa, na Tusekile alikuwa hajaambiwa. Walimwangalia kwa macho ya huruma, wakaulizia mvua.

Alitamani mmoja wao, hata mmoja, asahau adabu akapige ukunga. Walau angejua la kufanya na mikono yake.

Kaka yake, Eliezeri, fundi seremala pale Uyole, alifika asubuhi hiyo hiyo. Tusekile alimwona kupitia dirishani amesimama nyuma ya banda la ng'ombe, anaongea na simu. Katikati ya mazungumzo Eliezeri akavua kofia. Mtu havui kofia akiongea na simu. Tusekile akaondoka dirishani, akaenda kukaa jikoni, akaanza kumenya viazi ambavyo hakuna aliyesema vipikwe.

"Dada," Eliezeri alimwambia alipoingia, "kesho wewe utatangulia na Blandina kwa basi la alfajiri. Mimi nitakuja nyuma na gari la Taherali."

"Gari la nini, kaka?"

"La kurudia."

Aliondoka saa hiyo hiyo kurudi kwenye karakana yake, akasema ana kazi ya haraka ya mteja.

Taherali ndiye mwenye duka la pembejeo pale Uyole, na ndiye mnunuzi wa viazi vya Tusekile tangu enzi za mumewe. Babu yake alizikwa Mbeya, baba yake alizikwa Mbeya, na mila za hapa anazijua kuliko vijana wengi wa Kinyakyusa. Jioni alipanda mlima mwenyewe na pikapu yake kuja kumwona. Alisimama mlangoni, kofia yake nyeupe mkononi, akafungua mdomo.

"Pole..." Akajishika. Uso ukamwiva. "Pole na kazi, mama."

"Ndaga, baba," Tusekile alimshukuru kwa Kinyakyusa.

Hapo ndipo alipoacha kujidanganya.

Safari yenyewe hakuikumbuka vizuri baadaye. Alikumbuka kwamba kondakta wa basi alikuwa mcheshi na abiria walicheka tangu Igawa hadi Makambako, na kwamba aliwachukia wote. Alikumbuka kushuka Nyololo kwenye baridi inayouma masikio, Blandina akimshika kiwiko wakati hakuhitaji kushikwa. Walipanda Noah ya kwenda Igowole. Ukungu ulikuwa umelalia miti ya misonobari, na katika mashamba ya chai wachumaji walionekana vichwa tu.

"Mnashukia shuleni?" dereva aliuliza. "Leo huko kuna watu, usiseme! Magari ya serikali yamepita tangu asubuhi."

Blandina alimkazia macho kwenye kioo mpaka akanyamaza. Tusekile alijifunga kanga upya kichwani. Magari ya serikali. Basi si ugonjwa. Pengine bweni limeungua. Pengine si Samwel peke yake, na akaona aibu kwa sababu wazo hilo lilimpa nafuu, kwamba hatalia peke yake.

Getini alisimama mwanafunzi amevaa utepe mweusi begani, rangi ya skauti wao, lakini Tusekile angejuaje? Aliona weusi tu. Uwanjani palikuwa na turubai kubwa la bluu na nyeupe, lile lile tunalolifunga kwenye misiba na harusi, maana kijijini turubai ni moja. Viti vya plastiki vilijaa watu waliovaa suti. Nyuma ya jiko moshi ulipaa kutoka kwenye masufuria makubwa. Spika zilikuwa zinapiga nyimbo za kwaya, taratibu.

Mwalimu Didas alikuja mbio kuwapokea, mtu mnene mwenye suti nyeusi iliyombana. Alimshika Tusekile mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mama. Asante sana kwa kuja. Tulikuwa tunakungoja wewe tu."

Macho yake yalikuwa yanalengalenga machozi. Mimi nasema hivi: kama kuna mtu duniani ambaye hakupaswa kulia saa ile, ni huyo.

Alimwongoza kati ya viti hadi mbele kabisa, kwenye kiti kilichofunikwa kitambaa cheupe. Watu walikuwa wanageuka kumtazama, wananong'ona. Muziki ukazimwa. Mtu fulani kwenye kipaza sauti akasema, kwa sauti ya uzito:

"Ndugu zangu, mama mzazi wa Samwel amefika. Naomba wote tusimame."

Watu mia nne wakasimama kwa pamoja, na kimya kikatanda.

Tusekile hakuwahi kuusikia ukunga wa namna ile, na ulikuwa umetoka kifuani mwake mwenyewe. Alianguka kifudifudi kwenye nyasi. Blandina, aliyekuwa ameubana uchungu siku mbili nzima kwa ajili ya adabu, akauachia wote. Alijitupa chini ubavuni mwake na kuita, "Samwel! Samwel wetu, umetuacha na nani!"

"Mmemweka wapi?" Tusekile alipiga kelele, kucha zimezama kwenye udongo. "Nionyesheni mlipomweka! Nataka nimwoshe mimi! Asiguswe na mtu!"

Turubai zima liliduwaa. Wenye suti walitazamana. Mtoto mmoja wa kwaya ya shule ya msingi akaanza kulia, wenzake wakafuata. Mwalimu Didas alisimama mdomo wazi, na watu waliokuwa karibu naye wanasema rangi ilimtoka usoni mpaka midomo ikawa ya kijivu. Ndipo alipojisikia mwenyewe, neno kwa neno, kila alichokisema kwenye simu siku ya Jumatano. Mtu aliyezaliwa na kukulia Kihesa, kwenye mila hizi hizi, mtu aliyewahi kuitwa hivyo hivyo kwenda kuzika wazazi wake wote wawili!

"Mama, hapana," alisema. "Hapana, hapana, hapana..."

Nyuma ya pazia la jukwaa kijana mrefu mwenye tai na sweta la shule alichomoka akikimbia, mkononi ameshika shada la maua. Aliruka ngazi zote.

"Mama! Mama, ni mimi! Mama, nipo!"

Tusekile aliinua uso. Aliiona ile sura, akaikataa. Aliwahi kusikia kwamba waliofiwa huona vitu. Alirudi nyuma akitambaa, akajificha kwa Blandina.

"Mtoeni," alisema. "Mtoeni huyu."

"Mama, ni Samwel."

Tusekile alimshika. Alianza na viatu, akapanda kwenye magoti, mikono, masikio. Alitafuta nyuma ya kichwa lile kovu la tangu alipoanguka kwenye mkokoteni, akalipata. Akaliminya kwa nguvu mpaka kijana akasema aah. Hapo ndipo pumzi zilipomrudia, zikaja zote kwa mpigo, akatapika kwenye nyasi mbele ya afisa elimu wa wilaya.

Walimpa maji. Walimpepea kwa karatasi za ratiba, na karatasi hizo ndizo zilizosema ukweli wote, kwa maandishi, tangu mwanzo: Siku ya Elimu ya Wilaya. Kuwapongeza wanafunzi, walimu na wazazi. Samwel alikuwa ameongoza wilaya nzima kwenye mtihani wa kidato cha pili. Na yeye, Tusekile, ndiye aliyekuwa amechaguliwa kuwa Mzazi Bora wa mwaka, kwa sababu ya lile gunia la viazi na mengine matano aliyoyatuma kwa magari ya mizigo, wakati jiko la shule lilipoishiwa na hakuna mzazi mwingine aliyeitikia. Zawadi zilikuwa mezani, na utepe juu yake: cheti, vitenge viwili, na pampu mpya ya kupulizia dawa ya viazi.

"Tulitaka iwe sapraizi," alisema Mwalimu Didas kwa sauti ya mtoto aliyevunja kitu. "Hata mjomba wake aliponipigia jana, nilidhani ameshajua. Aliniambia, mwalimu, sisi tumeshaelewa, nipe taratibu tu. Nikamwambia turubai limefungwa, chakula kipo, ila mama asiambiwe."

Tusekile alisikia, lakini neno moja lilimgonga kuliko mengine.

"Eliezeri," alisema. "Kaka yangu yuko wapi?"

Kabla hajajibiwa walisikia honi. Pikapu ya Taherali iliingia getini taa zikiwaka mchana kweupe, majani mabichi yamefungwa mbele, na nyuma yake Kosta iliyosheheni ndugu. Walikuwa wanaimba wimbo wa mazishi kwa Kinyakyusa, sauti nne, vizuri mno. Bendi ya shule ya msingi, ambayo ilikuwa imeagizwa kupiga magari yatakapoingia, ikapiga. Watoto wale hawakujua. Kwa muda kama wa dakika nzima ngoma na tarumbeta zilipishana na kilio, na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyekuwa na nguvu za kuinua mkono kuwanyamazisha.

Eliezeri alishuka amevaa koti lake la kanisani. Alimwona Samwel amesimama, tai shingoni. Alikaa chini pale pale kwenye changarawe, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto, akafunika uso kwa kofia. Taherali, aliyekuwa ameshika usukani, aliteremka, akatazama, akaegemea mlango wa gari akisema maneno ya sala chini chini.

Nyuma ya pikapu palikuwa na jeneza. Mti wa mninga, umepigwa randa na msasa mpaka unang'aa, pembe zimeungwa bila msumari hata mmoja kuonekana. Eliezeri alikuwa ameitunza mbao hiyo miaka minane kwa ajili ya kitanda chake mwenyewe. Juu yake palilazwa msalaba uliopakwa rangi nyeupe: SAMWEL. Chini yake tarehe ya kuzaliwa. Mbele ya neno KUFA palikuwa patupu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameambiwa.

Afisa elimu, mtu mwema aliyechanganyikiwa kama wengine, aliona pengine shughuli ikiendelea watu watatulia. Akampa Tusekile kipaza sauti, akamwomba aseme neno la shukrani.

Tusekile alikishika kwa mikono miwili. Majani yalikuwa yamemganda kwenye kanga.

"Nashukuru," alisema. Sauti yake ilitoka kwenye spika zote nne, ikamshtua. "Nashukuru kwa pampu. Lakini tangu juzi jioni mimi nilikuwa mama wa marehemu. Nimelala mama wa marehemu siku mbili. Nimepanda basi nikiwachukia watu wanaocheka. Nimeshachagua kaburi lake, karibu na baba yake, upande wa chini ambako maji hayatuami. Mwalimu, wewe ni mtu mzuri. Mwanangu umemfundisha vizuri. Lakini kama una habari njema, niambie! Niambie kwenye simu, nipigie kelele, nikiwa na udongo mikononi! Habari mbaya ndiyo inayofichwa."

Mwalimu Didas alikuwa amepiga magoti. Tusekile alirudisha kipaza sauti kwa afisa elimu, vizuri, kama anavyorudisha kikombe cha watu.

"Si mwalimu, mama," Samwel alisema pembeni yake. "Ni mimi niliyemwomba asikwambie. Nilikuwa nimesimama hapo hapo anapokupigia. Nilitaka niuone uso wako ukisikia."

Tusekile alimtazama.

"Umeuona?"

Tusekile alimzaba kofi moja, la mgongo wa mkono, na sauti yake ilisikika hadi kwa wapishi. Kisha akamvuta, akamkumbatia kwa nguvu mpaka shada la maua likavunjikia kati yao. Bendi ilikuwa imenyamaza.

Wanaume walianza kulishusha jeneza ili walifiche nyuma ya stoo kabla wanafunzi hawajakaribia. Lilikuwa zito. Walilisimamisha wima ukutani, likabaki hapo limesimama kama mlango, na Eliezeri, ambaye sasa alikuwa amesaidiwa kuinuka, akalifuata akalishika ubavuni. Alitazama mbao, akamtazama mpwa wake. Jicho la fundi halina adabu, linapima hata pasipotakiwa kupimwa.

"Nililikata kwa kumbukumbu," alisema, kama anayeomba radhi kwa mteja. "Nilikumbuka alivyokuwa Januari ile, tulipomsindikiza."

Tusekile alimshika Samwel mkono, akampeleka hadi ukutani. Ndugu walitaka kumzuia, Blandina akasema mwiko, mtoto asisogezwe pale. Hakumsikiliza mtu.

"Simama hapa," alisema. "Nyoosha mgongo."

Samwel alisimama ubavuni mwa jeneza lake, visigino ukutani, machozi yanamtiririka hadi kwenye tai. Kichwa chake kilipita juu ya ukingo wa mbao. Tusekile alinyanyua mkono, akaweka kiganja pale mbao ilipoishia, akakiegemeza kwenye fuvu la mwanawe. Kiganja kizima kiliingia, na utosi bado ulikuwa juu yake. Alikiacha hapo. Jukwaani walikuwa wanaita jina la mshindi anayefuata, na yeye alikuwa bado amesimama kwa vidole vya miguu, anapima sehemu ya mtoto wake ambayo isingeenea.